Tundu na Pumzi: Historia Fupi ya Kupanua Injini ya Skuta

Visiwani kwetu neno "vespa" limekwisha kuiacha asili yake. Mtu husema amekuja na vespa hata kama chombo alichopanda kimetoka kiwanda kingine kabisa, wala hatokei wa kumsahihisha. Ndugu na mpinzani wake wa Milano, Lambretta, hakubahatika kukaa ulimini mwa watu namna hiyo. Hata hivyo, anayetaka kuifahamu historia ya watu walioipanua injini ya skuta hadi ikawa kitu ambacho waasisi wake hawakukikusudia, hana budi kuanza na huyo aliyesahauliwa. Kwani kwake habari yote imeandikwa wazi katika namba tano.

Ya kwanza ni 58. Ferdinando Innocenti, mwenye kiwanda cha mabomba ya chuma katika kitongoji cha Lambrate, alipotoa skuta yake ya kwanza mwaka 1947, pistoni yake ilipanda na kushuka mwendo wa milimita 58. Kipenyo cha tundu la silinda kilikuwa milimita 52, na ujazo ukawa cc 123. Baadaye kiwanda kikafikisha tundu milimita 57, kikapata cc 148. Kisha 62, kikapata cc 175. Na hatimaye 66, kikapata cc 198. Katika safari yote hiyo ile 58 ilibaki pale pale, hadi Innocenti walipoacha kutengeneza Lambretta mwaka 1971.

Wasomaji wa kurasa hizi, waliozoea kuhesabu mizani, huenda wakalielewa jambo hili upesi kuliko wahandisi. Mtunzi aliyefungwa na mizani minane katika kila kipande hawezi kurefusha mshororo. Atakalo lote sharti aliingize katika nafasi hiyo hiyo. Katika skuta zao kubwa, Innocenti walijaribu mara moja kuivunja mizani yao. TV175 ya mwanzo, ya mwaka 1957, ilikuwa na tundu la milimita 60 na mwendo wa milimita 60. Injini hiyo ilijipatia sifa mbaya ya kuharibika, na mwaka 1959 ikaachwa. Wakairudia 58 yao na kupanua tundu.

Sababu ya kulipendelea tundu ni nyepesi. Atakaye kurefusha mwendo wa pistoni yampasa aunde kranki nyingine, na milango ya silinda, ile inayoingiza mchanganyiko wa petroli na kutoa moshi, yote huhama mahali pake. Atakaye kupanua tundu anahitaji kerezo, pistoni pana zaidi na kofia ya silinda inayolingana nayo. Tena kipenyo kina faida ya kujizidisha chenyewe kwa chenyewe: kutoka 52 hadi 66 ni milimita 14 tu, lakini ujazo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Ndiyo maana njia hii iliwavutia wanyonge wa ufundi, wenye karakana ndogo, kerezo moja na mfuko mwembamba.

Na tukumbuke kuwa skuta haikuzaliwa kwa ajili ya mbio. Corradino D'Ascanio, aliyeichora Vespa kwa ajili ya Enrico Piaggio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki hakuzipenda: alizioni chafu, ngumu kupanda, na zenye mnyororo unaorusha oili. Chombo alichokibuni, ambacho hataza yake ilisajiliwa tarehe 23 Aprili 1946, kilikuwa na cc 98 na nguvu za farasi 3.2. Mwanamke mwenye sketi na padri mwenye kanzu waliweza kukipanda bila ya kujikunja. Ni kweli kuwa viwanda vyenyewe viliingiwa na tamaa ya mwendo mapema. Februari 1951 Dino Mazzoncini aliikimbiza Vespa iliyovikwa umbo la risasi kwa kilometa 171 kwa saa, na Agosti mwaka huo huo Romolo Ferri akaipitisha Lambretta kilometa 200 kwa saa katika barabara kuu ya Ujerumani. Lakini injini zote mbili zilikuwa za cc 125. Lambretta ile ilisukumiwa hewa kwa kompresa, na ujuzi wa namna hiyo ulibaki nyuma ya milango ya viwanda. Fundi wa mtaani hakuweza kuuiga.

Aliyeliomba tundu kubwa alikuwa Mwingereza. Kule vijana wa miaka ya 1950 na 1960 waliifanya skuta kuwa vazi kabla ya kuifanya chombo cha safari, na magazeti yaliwajua zaidi kwa ghasia za fukwe za mwaka 1964 kuliko kwa ufundi wao. Hapo magazeti hayakuwatendea haki. Tangu mwaka 1957 kulikuwa na mkutano wa skuta katika kisiwa cha Isle of Man, wenye mashindano juu ya barabara za milimani, na huko ndiko watu walikogundua kuwa cc 150 na cc 175 hazitoshi. Kwa ajili ya soko la Uingereza ndipo Innocenti walipotoa TV200 mwaka 1963, ile ya milimita 66, ambayo Waingereza waliiita GT200. Karakana zao hazikungoja. Waliikereza silinda ya cc 150 mpaka ikapokea pistoni ya cc 175 au zaidi; na waliokuwa na ile ya cc 200 wakaanza kujiuliza ukuta wake una unene gani uliobaki.

Swali hilo la unene si la fahari. Pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, na silinda za zama zile zilikuwa za chuma cha kusubu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na nafasi iliyoachwa baina ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu chache za mia za milimita. Injini ya skuta haipati upepo wa njiani. Imefichwa ubavuni chini ya bati, na feni ndiyo inayoipoza. Sasa mtu apanue tundu: petroli inayoungua ni nyingi zaidi, ukuta ni mwembamba zaidi, na feni ni ile ile. Ikiwa kabureta nayo imepimwa vibaya, ikatoa hewa nyingi na petroli haba, joto hupanda, na pistoni hutanuka hadi ikakamata. Hapo gurudumu la nyuma hufunga papo hapo. Mpanda skuta, aliyekaa juu ya magurudumu madogo ya inchi 10, anakuwa na kitambo kisichotosha kupepesa jicho ili abane klachi. Kwa hiyo wapanda injini zilizopanuliwa walijizoeza kuendesha vidole viwili vikiwa juu ya mkono wa klachi daima, na kila baada ya mwendo mrefu kufungua plagi na kuisoma rangi yake. Ikiwa ya kahawia, injini ina afya. Ikiwa nyeupe, mauti yako karibu. Sijui usomaji mwingine ambao mtu hulipa kwa mwili wake namna hiyo akikosea herufi.

Lakini tundu kubwa peke yake ni kifua kisicho pumzi. Elimu ya pumzi ilitoka mahali pasipo na uhusiano wowote na skuta, nayo inastahili kusimuliwa. Katika mji wa Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, kiwanda cha MZ kilikuwa na mhandisi aitwaye Walter Kaaden. Kanuni za mashindano hazikumruhusu kupita cc 125, basi akaielekeza akili yake kwenye ekzosi. Injini ya namna hii, inayochoma petroli iliyochanganywa na oili, ina kasoro ya kuzaliwa nayo: wakati moshi unapotoka, sehemu ya petroli mbichi nayo hutoroka kwa mlango huo huo. Kaaden aliunda ekzosi inayopanuka kama tumbo kisha ikasinyaa. Kishindo cha moshi hukimbia ndani yake, hugonga pale inaposinyaa na kurudi kama mwangwi, na mwangwi huo huisukuma petroli iliyotoroka na kuirudisha ndani, kabla pistoni haijaufunga mlango. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, jambo ambalo halikuwa limefikiwa.

Mwaka huo huo, mwezi mmoja baada ya kujengwa ukuta wa Berlin, mpanda pikipiki wa MZ Ernst Degner alikwenda Sweden kushindania ubingwa wa dunia, na baada ya mashindano hakurudi kwao. Mwaka 1962 alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 50 akiwa juu ya Suzuki. Kaaden alibaki Zschopau. Elimu yake ikaenda Japani, na kutoka Japani ikaenea ulimwenguni, hata ikamfikia kijana wa Uingereza aliyekuwa na Lambretta kuukuu na kerezo la kuazima. Kwa kadiri nionavyo mimi, historia ya skuta zenye nguvu imegawika hapo: kabla ya ekzosi ile watu walikuwa wakiongeza ujazo, na baada yake wakaanza kuufundisha ujazo huo kupumua.

Kufikia wakati huo mama mzazi alikuwa amekwisha kufa. Innocenti walipoacha kuunda Lambretta, mitambo ilinunuliwa na India mwaka 1972 na kupelekwa Lucknow, ambako skuta hizo ziliendelea kuundwa hadi miaka ya 1990. Huko Ulaya warithi walikuwa wale wale wa karakana. Filamu ya Quadrophenia ya mwaka 1979, iliyowaonyesha vijana wa 1964, iliwaletea wateja wapya waliozaliwa wakati ghasia zile zikipoa. Katikati ya miaka ya 1980 wafanyabiashara wa Kiingereza AF Rayspeed wakatoa silinda waliyoiita TS1, yenye tundu la milimita 70. Kwa mwendo ule ule wa 58 hesabu inatoa cc 223, ingawa wauzaji walisema 225. Hewa iliingia kwa vali yenye vilimi vyembamba vinavyofunguka na kufunga vyenyewe kwa pumzi, kama kilimi cha zumari. SX200, iliyokuwa fahari ya Innocenti, ilitoa nguvu za farasi 11. Silinda hii mpya, ikifungwa na mjuzi, ilipita 20 bila ya kuhangaika.

Vespa ilipita njia hiyo hiyo, na haina haja ya kurudiwa kwa urefu. PX za cc 125, 150 na 200 zote zilikuwa na mwendo wa milimita 57. Mafundi wa Italia wakafikisha tundu la ndogo milimita 63 wakapata cc 177, na Malossi wakaipa kubwa milimita 68.5, ikawa cc 210. Hivi leo zinauzwa hata krenkesi mpya za Lambretta, zilizosubiwa upya ili zipokee silinda za zaidi ya cc 250, na ile 58 ya mwaka 1947 imetupwa pamoja na ya zamani. Mwenye chombo kama hicho hubakiwa na bati, usukani na jina.

Kuna jambo jingine lililobadilika bila ya kelele. TS1 na wenzake si za chuma. Ni za aluminiamu iliyopakwa ndani utando mgumu wa nikeli. Zinapoa haraka, na pistoni na ukuta hutanuka kwa kulingana, kwa hiyo ile hatari ya kukamata imepungua sana. Lakini silinda iliyopakwa haikerezwi. Ikichakaa ama hurudishwa katika kiwanda chenye uwezo wa kuipaka tena, ama hutupwa.

Huku kwetu tundu hupanuliwa kwa sababu nyingine. Nilipata kukaa barazani kwa fundi mmoja wa Mjini, Unguja, akiwa ameletewa silinda ya Vespa ya chuma iliyochakaa. Aliingiza kidole akaizungusha taratibu, akatafuta kwa ncha ya ukucha ule ukingo unaoachwa na ringi juu kabisa ya mwendo wa pistoni, kisha akachukua kipimo. Silinda hiyo ilikuwa imekwisha kukerezwa mara mbili. Nikamuuliza kama mwenyewe anataka mwendo zaidi. Akacheka. "Mwendo wa nini, bwana? Anataka imfikishe Makunduchi." Akaipima tena, safari hii upande wa chini, akachukua chaki na kuandika ubavuni mwake: 1.