Miavuli Mingi, Punje Chache: Mavuno ya Giligilani Yanapimwaje?

Mtafiti anayetaka kujua mche upi wa giligilani utazaa zaidi hupima karibu kila kinachopimika: urefu, idadi ya matawi, siku za kuchanua, miavuli ya maua kwa mche, punje kwa mwavuli, uzito wa punje elfu moja. Kisha hutazama ni kipi kati ya hivyo kinachopanda pale mavuno yanapopanda. India, inayoongoza duniani kwa kuzalisha kiungo hiki, imeifanya kazi hiyo kwa miongo mingi, hasa katika majimbo ya Rajasthan, Gujarat na Madhya Pradesh. Huko giligilani hupandwa Oktoba na Novemba, mvua za pepo za kusi zikishakatika.

Jibu linalojirudia katika majaribio mengi ni miavuli kwa mche na punje kwa mwavuli. Ni jibu sahihi, ila lina upungufu. Mavuno ya mche ni idadi ya miavuli, mara punje za kila mwavuli, mara uzito wa punje. Sehemu ikifuatana na jumla yake, hapo hakuna ugunduzi mkubwa.

Kosa jingine ni kudhani kwamba vitu viwili vikienda pamoja basi kimoja kimesababisha kingine. Mwaka 1921 Sewall Wright, mwanajenetiki wa Marekani, alieleza mbinu ya kuugawa uhusiano wa kitakwimu katika athari za moja kwa moja na zile zinazopitia kwa kitu kingine. Mwaka 1959 watafiti Dewey na Lu waliitumia kwa mbegu za nyasi za malisho, na tangu hapo imekuwa zana ya kawaida ya wazalishaji wa mbegu bora. Kwa giligilani faida yake ni dhahiri. Mche mrefu unaweza kuonekana mzaaji hodari kwa sababu tu una matawi mengi. Mchango wa matawi ukitengwa, huenda urefu ukabaki bila athari, au hata ukawa hasara, maana mche mrefu huangushwa kwa urahisi na upepo.

Lakini hesabu, hata ikiwa nzuri namna gani, haioni ndani ya ua. Mwavuli wa shina kuu huchanua kwanza, nao ndio wenye sehemu kubwa ya maua yenye jinsia mbili, yanayoweza kutoa punje. Miavuli ya matawi hufuata, na kadiri inavyochelewa ndivyo maua dume yanavyozidi. Hayo hutoa chavua, punje hayatoi. Isitoshe, stameni za kila ua, zinazotoa chavua, hukomaa kabla ya stigma inayoipokea, hivyo ua hutegemea chavua ya ua jingine, na wabebaji wakuu ni nyuki na wadudu wengine. Mche wenye miavuli mingi ya mwisho unaweza basi kumpendeza mpimaji na kumwangusha mkulima: punje za mwanzo zimeshakauka na kupukutika, za mwisho bado mbichi, na joto la Machi linazikuta hazijajaa.

Nafasi shambani nayo hudanganya. Mche uliopandwa peke yake hutanuka na kutoa matawi kila upande, ilhali uleule, ukibanwa na wenzake katika shamba la kawaida, hutoa machache. Anayechagua wazazi kwa matawi ya mche uliojitenga anachagua nafasi zaidi kuliko urithi.

Tena mavuno si kilo peke yake. Giligilani za punje kubwa, zenye kipenyo cha zaidi ya milimita 3, ndizo za kawaida India na hupendwa kwa kusagwa. Mafuta yake ya harufu mara nyingi hayafiki asilimia 1. Zile ndogo za Urusi na nchi jirani hupita kiwango hicho, na ndizo zinazotafutwa na wakamuaji. Kuongeza uzito wa punje bila kupima mafuta ni kumhudumia mnunuzi mmoja na kumsahau mwingine.

Majedwali ya majaribio yanahitaji safu mbili ambazo mengi hayana: daraja la kila mwavuli, kuanzia shina kuu hadi matawi ya mwisho, na sehemu ya maua yaliyofunga punje. Vipimo hivyo vichukuliwe kwenye msongamano uleule anaoupanda mkulima. Hadi hapo, idadi ya miavuli peke yake isitumike kuchagua mbegu ya msimu ujao.