Kinundu na jino la chonge: ukosoaji wa dai moja kuhusu alaina angavu

Watetezi wa alaina angavu, yaani vifuniko vya plastiki vya kunyoosha meno, wana jibu moja kwa kila jino linalogoma: libandikiwe kinundu cha kompoziti. Kwa mazoea hayo, mpango wa kompyuta unaweza kumfikia mganga wa meno wa Bukavu ukiwa na vinundu karibu kwenye kila jino, bila maelezo ya kazi ya kila kimoja. Ninashikilia kwamba kinundu kina kazi zake maalumu, na kwamba kazi yake inayosifiwa zaidi, yaani kuzungusha jino la mviringo, ndiyo yenye ushahidi dhaifu.

Kuhusu mekanika hakuna ubishi mkubwa. Alaina husukuma, haivuti. Meno ya kato ni bapa, hivyo plastiki hupata pa kushika. Chonge na magego madogo ya chini ni mviringo, na plastiki huteleza juu yake kama mkono wenye sabuni juu ya chupa. Kinundu huipa plastiki bega la kuegemea, hubadili mahali nguvu inapogusa, na hivyo hubadili msokoto unaoufikia mzizi.

Je, bega hilo linatosha? Mwaka 2008, katika jarida la Angle Orthodontist, Kravitz na wenzake walipima chonge 53 za wagonjwa 31 waliotumia alaina za Invisalign. Kundi moja lilibandikwa vinundu tu, la pili lilipunguzwa enameli kati ya meno tu, la tatu halikupewa msaada wowote. Kwa wastani, mzunguko uliopatikana ulikuwa asilimia 35.8 ya uliopangwa. Wasio na msaada walifikia 30.8, wenye vinundu 33.3, waliopunguzwa enameli 43.1. Kitakwimu tofauti hizo hazikuthibitika, kwa hiyo sitangazi ushindi wa enameli. Lakini kinundu kiliongeza pointi 2.5 tu! Mimi nazisoma namba hizo hivi: tatizo la chonge haliko kwenye mshiko peke yake. Jino lililobanwa na majirani halizunguki hata likishikwa vizuri. Kwanza litafutiwe nafasi.

Nitaambiwa kwamba vinundu vya leo huchorwa na programu na kwamba plastiki ilibadilishwa mwaka 2013. Ni kweli. Hata hivyo Haouili na wenzake, Kravitz akiwemo, walipopima upya mwaka 2020, usahihi wa jumla ulikuwa asilimia 50, ukilinganishwa na 41 ya utafiti wa mwaka 2009, na mzunguko ndio uliobaki mkiani kwa 46. Maendeleo yapo, ila udhaifu ni uleule. Nchini Ujerumani, Simon na wenzake (2014) walikuta magego madogo yenye vinundu yakizunguka kwa asilimia 37.5 ya mpango, na yasiyo navyo 42.4. Huenda vinundu viliwekwa kwenye meno magumu zaidi, nakubali. Lakini pingamizi hilo linamnyima pia mtetezi wa vinundu haki ya kudai kwamba vilisaidia.

Hapa Bukavu kuna gharama ambayo tafiti hizo hazikuipima. Kinundu kinahitaji asidi ya fosfori, jino kavu na taa ya kugandishia, na umeme wetu tunaujua. Mgonjwa huvua alaina anapokula, hivyo kinundu hukutana uso kwa uso na muwa na mahindi ya kuchoma. Kikibanduka, mfululizo wa alaina hausubiri: alaina inayofuata huchukulia kwamba jino limeshafika, na pengo huonekana kati ya plastiki na ncha ya jino. Kukirudisha kunahitaji kiolezo chake, na mara nyingine vipimo vipya na alaina mpya kutoka nje, katika mji ambao uwanja wake wa ndege wa Kavumu ulitekwa Februari 2025. Breketi nayo hubanduka, lakini huibandika tena yeyote mwenye akiba kabatini.

Kwa hiyo chonge iliyojipinda sana ianzwe kwa breketi na waya, au itengenezewe nafasi kwanza. Alaina iachiwe meno yanayohitaji kuinamishwa kidogo. Naenda mbali zaidi: kinundu ambacho kazi yake haikuandikwa katika faili la mgonjwa kisibandikwe kabisa.