Katuni za ukutani zafaa kueleza mmomonyoko Dodoma

KATUNI ya ukutani ni hadithi fupi ya picha nne. Huchorwa kwa wino mweusi na wananchi wenyewe, ikatolewa fotokopi na kubandikwa dukani, zahanati au ofisi ya kijiji. Mbinu hiyo ilienezwa tangu miaka ya 1990 na shirika la World Comics Finland, lililoendesha mafunzo Tanzania pia.

Kwa Dodoma, mada haitafutwi mbali. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwa amri katika kilometa za mraba 1,256 za Kondoa zilizoliwa na makorongo. Uoto ulirejea, lakini wafugaji, ambao ng'ombe ndiyo akiba yao, waliumia.

Amri haielezi sababu. Picha nne zaweza. Nyasi zaliwa hadi mashinani. Mvua ya Desemba yapiga udongo ulio wazi. Maji yashindwa kuzama, yatiririka na kuchimba mfereji. Mfereji wageuka korongo, lameza shamba. Hapo mwenye ng'ombe naye aonekane amepoteza malisho, kwani katuni ya kumsuta mfugaji peke yake haitakaa ukutani siku mbili.