Matatizo ya tumbo na kuwashwa nyayo kwa mbwa wadogo

Matatizo ya tumbo na kuwashwa nyayo ni miongoni mwa sababu za kawaida za mbwa wadogo kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Mbwa wadogo hapa ni wale wasiozidi takriban kilo 10, kama Chihuahua, Maltese, Shih Tzu, Yorkshire Terrier, Pug na West Highland White Terrier, pamoja na machotara wao. Kila tatizo linaweza kuzuka peke yake. Yakimpata mbwa mmoja kwa wakati mmoja na yakadumu kwa wiki kadhaa, mambo mawili huchunguzwa kwanza: minyoo ya safura na mzio wa chakula. La kwanza hutibika kwa vidonge vya bei nafuu. La pili halina kidonge, na kulithibitisha huchukua miezi.

Udogo wa mwili hubadilisha uzito wa mambo. Mtoto wa mbwa wa aina ndogo sana akipitisha saa nyingi bila kula, sukari katika damu yake inaweza kushuka hadi akalegea, akatetemeka au akashikwa na degedege. Kwa hiyo ushauri wa zamani wa kumshindisha njaa mbwa anayeharisha haumfai. Maji ya mwili nayo huisha upesi. Hesabu ya chakula pia ni finyu: mbwa mzima wa kilo 3 huhitaji takriban kilokalori 250 kwa siku, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia hubeba karibu kilokalori 120. Kipande cha nyama chenye mafuta kinachoonekana kidogo mkononi mwa mtu kinaweza kuwa nusu ya mlo wa siku nzima wa mbwa huyo. Mafuta mengi kwa mpigo huweza kuchochea uvimbe wa kongosho, unaojulikana kwa kutapika, kukataa chakula na maumivu ya tumbo. Miniature Schnauzer wako hatarini zaidi kwa sababu wengi wao huzaliwa na mwelekeo wa kuwa na mafuta mengi katika damu. Yorkshire Terrier wana udhaifu wa aina nyingine: mishipa ya limfu ya utumbo wao inaweza kutanuka na kuvuja protini, nao wakakonda na kujaa maji tumboni.

Kuharisha kwa ghafla kwa mbwa mzima aliye mchangamfu mara nyingi huisha ndani ya siku chache bila antibiotiki. Kinachohitajika ni maji safi na milo midogo ya mara kwa mara, kama wali laini na nyama isiyo na mafuta iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Hali ni tofauti mbwa anapotapika mfululizo, akawa mnyonge, ufizi ukapauka, au kinyesi kikawa cheusi au cha damu. Kuna ugonjwa wa kuharisha damu unaowashambulia zaidi mbwa wadogo. Huanza kwa kutapika, na saa chache baadaye hutoka kinyesi chekundu na chepesi. Bila dripu, mgonjwa anaweza kufa haraka. Mtoto wa mbwa asiyekamilisha chanjo hushukiwa pia kuwa na parvo, virusi vilivyoenea duniani kuanzia mwaka 1978. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa hadi wiki ya 16 au zaidi.

Nyayo zinazowasha hujitambulisha kwa ulimi. Mbwa hulamba na kutafuna katikati ya vidole, hasa usiku nyumba inapotulia, na manyoya meupe ya Maltese au West Highland White Terrier hugeuka rangi ya kutu kutokana na porfirini zilizomo katika mate. Rangi hiyo haina madhara. Inaonyesha tu kwamba kulamba kumekwisha kuwa desturi. Unyevu wa kudumu hualika hamira iitwayo Malassezia, inayoacha uchafu wa kahawia kwenye mashina ya kucha na harufu ya uvundo, pamoja na bakteria. Hivi viwili huwasha vyenyewe, kwa hiyo mwasho unaweza kuendelea hata baada ya chanzo chake kuondoka.

Swali la kwanza la uchunguzi ni rahisi, ingawa husahaulika: ni nyayo ngapi? Wayo mmoja humaanisha zaidi mwiba, jeraha, mbegu ya nyasi iliyochoma ngozi, au kucha iliyovunjika. Nyayo mbili za mbele, au zote nne, humwelekeza mchunguzi kwenye mzio au vimelea. Katika maeneo yenye vumbi na mchanga ya Afrika Mashariki, funza wasisahaulike. Jike hujichimbia kwenye ngozi ya wayo na kuvimba kwa mayai, na mbwa aliyevamiwa huchechemea na kutafuna vidole. Mbwa huyo pia huwa chanzo cha funza kwa watu wa nyumba hiyo.

Minyoo ya safura hustahili nafasi yake kwa kuwa huunganisha nyayo na tumbo moja kwa moja. Mabuu yake hukaa katika udongo wenye unyevu na kupenya ngozi kati ya vidole, pakawa pekundu na kuwasha. Wanapofikia utumbo na kukomaa, hunyonya damu hadi kinyesi kikawa cheusi na ufizi mweupe. Kwa mtoto wa kilo 1, upotevu huo ni hatari kubwa. Dawa kama fenbendazoli na pairanteli huwaua. Watoto hupewa kuanzia umri wa wiki 2, na banda lisilosafishwa kinyesi huwaambukiza upya. Mabuu hayohayo hupenya pia ngozi ya mtu anayetembea pekupeku.

Vimelea wengine hutambulika kwa mahali wanapopendelea. Viroboto huwashia zaidi mgongo karibu na mkia. Utitiri wa upele hukaa kwenye kingo za masikio na viwiko. Utitiri wa vinyweleo huweza kujificha katika nyayo pekee, na huonekana kwa kukwangua ngozi na kutazama kwa hadubini. Dawa za kundi la isoksazolini hushughulikia viroboto, kupe na utitiri wote wawili, kwa hiyo madaktari wengi huanza nazo kabla ya kuzungumzia mzio.

Baada ya vimelea kuondolewa, mzio wa mazingira na mzio wa chakula hubaki, na kwa macho haitofautiani. Yote miwili hushika nyayo, masikio, makwapa na kinena. Mzio wa mazingira, unaosababishwa na chavua au utitiri wa vumbi la nyumbani, kwa kawaida huanza kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Tumbo ndilo hutoa dokezo. Mbwa anayejisaidia zaidi ya mara tatu kwa siku, mwenye gesi nyingi au kinyesi cha kamasi, hushukiwa mzio wa chakula. Vipimo vya damu, mate au manyoya vinavyouzwa kutambua mzio wa chakula haviaminiki.

Kipimo cha kutegemewa ni mlo wa majaribio. Mbwa hulishwa kwa wiki 8 chanzo kimoja cha protini na kimoja cha wanga ambavyo hajawahi kula, au chakula cha kiwandani ambacho protini zake zimevunjwavunjwa ziwe ndogo mno kwa kinga ya mwili kuzitambua. Katika wiki hizo 8, zaidi ya asilimia 90 ya mbwa wenye mzio wa chakula hupata nafuu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, yakihusu mbwa 297, yaliiweka nyama ya ng'ombe mbele miongoni mwa vyanzo vya mzio huo kwa asilimia 34, ikifuatwa na maziwa 17, kuku 15, ngano 13 na kondoo 5.

Uchaguzi wa protini hutegemea mbwa alivyolelewa. Vitabu vingi hupendekeza samaki, lakini mbwa wa Kisumu au Mwanza aliyekua kwa ugali na dagaa amekwisha kula samaki maisha yake yote. Sungura kwa viazi vitamu humfaa zaidi. Mbuzi si chaguo salama kwa aliyezoea ng'ombe au kondoo, kwani protini zao zinafanana. Mlo wa nyumbani wa namna hii huwa na upungufu wa madini, hasa kalsiamu, na kwa mtoto wa mbwa anayekua haufai bila mpango wa daktari.

Majaribio mengi huharibikia jikoni. Mtoto hudondosha biskuti, mlinzi humwonea mbwa huruma na kumrushia mfupa, dawa ya minyoo huja na ladha ya nyama, na wiki tano zinapotea. Mwenye nyumba asiyeweza kuwafunga mikono wote wanaomlisha mbwa afadhali asianze. Nafuu ikipatikana, chakula cha zamani hurudishwa makusudi. Dalili zikirudi, kwa kawaida ndani ya siku 14, mzio umethibitika. Zisiporudi, nafuu ilitokana na jambo jingine. Kisha kila kiungo hujaribiwa peke yake.

Wakati jibu linasubiriwa, mwasho hutulizwa. Nyayo huoshwa kwa shampuu ya klorheksidini, yenye mikonazoli ikiwa kuna hamira, huachwa na povu dakika 10, kisha hukaushwa vizuri katikati ya vidole. Prednisoloni hutuliza haraka lakini huongeza kiu, njaa na mkojo, na matumizi marefu hudhuru. Oklasitinibu, dawa ya mwasho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, haipewi mbwa wa chini ya miezi 12. Lokivetimabu, nayo dawa ya mwasho, hudungwa takriban mara moja kwa mwezi. Dawa za binadamu kama ibuprofeni ni sumu kwa mbwa, na kwa mwenye kilo 3 hata kidonge kimoja kinaweza kutoboa tumbo au kuua figo.

Mbwa anayepona nusu tu baada ya mlo wa majaribio mara nyingi ana mizio yote miwili. Huyo huendelea na mlo uliomfaa na kutibiwa pia mzio wa mazingira, pengine kwa sindano za kuuzoesha mwili vitu vinavyochochea mzio, ambazo matokeo yake hayapimwi kwa uhakika kabla ya miezi 12.