Meli Exodus 1947 na safari za siri za Wayahudi

Kwa Kiebrania safari hizi ziliitwa Aliyah Bet. Aliyah ni kupanda, kama wasafiri wa Zaburi walivyopanda Yerusalemu. Bet ni herufi ya pili: njia ya pili, ile isiyo na kibali. Vibali vilikuwa mikononi mwa Waingereza waliotawala Palestina, na mwaka 1939 waliviwekea mpaka: Wayahudi 75,000 kwa miaka 5. Walitaka kuwatuliza Waarabu, wenyeji walioogopa kupoteza nchi yao.

Vita ya pili ya dunia ilipokwisha, Wayahudi waliookoka walijikuta tena kambini, Ujerumani, Austria na Italia, wengi bila ndugu hata mmoja. Haganah, jeshi la siri la Wayahudi wa Palestina, lilinunua meli zilizochakaa na kuwapakia. Kati ya 1945 na 1948 walisafiri hivyo watu kama 70,000. Meli nyingi zilikamatwa. Tangu Agosti 1946 waliokamatwa walifungiwa Kipro, kisiwa cha Barnaba. Zaidi ya 50,000 walipita humo, na watoto kama 2,000 walizaliwa nyuma ya waya wa miiba.

Exodus 1947 ilikuwa meli ya abiria ya ghuba moja ya Marekani, haikuundwa kwa bahari kuu. Iliondoka Sète, Ufaransa, Julai 1947 ikiwa na watu zaidi ya 4,500. Tarehe 18 manowari za Waingereza ziliigonga, askari wakaingia, watu 3 wakafa.

Ndani alikuwamo mchungaji Mmethodisti wa Marekani, John Stanley Grauel. Alibeba karatasi za mwandishi wa gazeti la kanisa, kumbe alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa meli. Sisi wahubiri kitabu cha Kutoka tunakifundisha tukiwa mimbarani. Yeye alipanda meli yenye jina hilo. Baadaye alitoa ushuhuda Yerusalemu mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikichunguza suala la Palestina. Mtu asiye Myahudi, tena mtumishi wa Mungu, alikuwa shahidi mgumu kumkataa.

Ernest Bevin, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alitaka wawe mfano kwa wengine. Badala ya Kipro, wakarudishwa Ufaransa katika meli 3 za wafungwa. Huko Port-de-Bouc walikataa kushuka, wiki tatu katika joto kali, na Ufaransa ikakataa kuwashusha kwa nguvu. Mwezi wa Septemba wakapelekwa Hamburg. Watu waliookoka mauaji ya Wajerumani wakaburutwa na askari kushushwa katika udongo wa Ujerumani, waandishi wa habari wakitazama. Kati ya makosa yote ya Uingereza katika jambo hili, naona hili ndilo lililoiharibia jina zaidi.

Makanisani habari hii hukatwa hapo, tukirukia tarehe 14 Mei 1948, Israeli ilipotangazwa. Lakini katika vita vya wakati ule Waarabu wa Palestina kama 700,000 walikuwa wakimbizi, na wengi wao hawakuruhusiwa kurudi. Wafungwa wa mwisho wa Kipro walitoka Februari 1949.