Emonga: akiba ya njaa katika nchi ya kijani

Ukipita Nyacheki, katika Kaunti ya Kisii, mwezi wa Mei, huwezi kuiona njaa kwa macho. Migomba imesimama, majani chai yamebanana hadi ukingoni mwa barabara, na mahindi yamefika kiunoni. Lakini ni mwezi huohuo bei ya gorogoro la mahindi inapopanda sokoni, na kuna nyumba ambazo jiko huwashwa mara moja tu kwa siku. Yaliyovunwa mwaka jana yamekwisha, yaliyo shambani bado mabichi. Kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii wa huku, njaa ni enchara, na enchara ya namna hii haina picha ya kupeleka gazetini.

Ukijani huo umewagharimu watu wa Gusii. Mpango wa chakula shuleni ulipoanza nchini mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ulielekezwa maeneo kame, na ilikuwa haki, maana huko hali ilikuwa mbaya zaidi. Huku milimani watu waliachiwa kile walichokuwa nacho tangu zamani, yaani ghala na jirani.

Ghala liliitwa ekiage. Lilikuwa mfano wa kikapu kikubwa cha fito, likakandikwa samadi ya ng'ombe ili punje zisivuje, likainuliwa juu ya ardhi lisifikiwe na unyevu, kisha likavikwa paa la nyasi lenye ncha. Aliyetaka nafaka aliinua paa kwa mti, akachota. Katika boma la wake wengi kila mke alikuwa na ekiage yake, akalisha watoto wake kutoka humo. Mume naye alijiwekea shamba lake mwenyewe, lililoitwa emonga. Mazao ya emonga hayakuwa ya kupikwa kila jioni. Yaliwekwa kando kwa ajili ya kununulia mifugo, na kwa ajili ya siku ambayo ghala la mke lingebaki vumbi. Ningependa msomaji alishike neno hilo, kwa sababu nitalirudia.

Kilichoyawezesha haya yote ni wimbi, obori. Punje yake ni ndogo na ngumu, fukusi hawaiwezi, na ikiwekwa pakavu hukaa miaka mingi bila kuharibika. Ndiyo maana Wagusii walikuwa na nafaka ya kuuza wakati majirani walipopungukiwa. Wajaluo walipanda milima na mifugo na vyungu, wakateremka na wimbi.

Na kazi ya shambani haikuachiwa mtu mmoja. Kulikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha majirani waliolimiana kwa zamu, jasho kwa jasho. Kulikuwa pia na risaga, mwito mkubwa wa majirani, ambapo mwenye shamba aliwaandalia pombe ya wimbi. Tusiipambe zamani kupita kiasi: asiyekuwa na wimbi la kupikia pombe aliita risaga kwa shida. Maskini alikuwapo hata wakati huo.

Kisha wakaja Waingereza, watu waliojua kwamba njaa ni silaha. Januari 1908, kijana Otenyo Nyamaterere, aliyechochewa na nabii Moraa wa Ng'iti, alimchoma mkuki ofisa wa wilaya G.A.S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Ofisa alipona. Kikosi kilichotumwa kuadhibu kiliua watu, kikachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Huko London, hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alilalamika kwamba mauaji yalipita kiasi.

Ukoloni ulileta kodi, na kodi ilidai fedha. Mahindi meupe yakachukua nafasi ya wimbi, kwa kuwa yalizaa zaidi na hayakuhitaji palizi ya kuchosha. Miaka ya 1930 Kisii ikawa mojawapo ya sehemu za kwanza nchini ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa. Chai ikafuata, hadi leo kiwanda cha Nyamache kinasaga majani ya eneo la Bobasi. Fedha hizo zimesomesha watoto, na sitazibeza. Lakini shamba la baba liligawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yenye kilomita za mraba 1,323 hivi. Hiyo ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba. Emonga ingewekwa wapi?

Mahindi nayo hayavumilii kungoja. Fukusi huyaingia baada ya miezi michache, kwa hiyo mkulima huyauza mapema apate karo, kisha huyanunua tena Mei kwa bei ya juu. Ekiage ikatoweka uani, na gunia likahamia chumba cha kulala. Mwaka 1984 ukame ulipoipiga Kenya, taifa zima lilikula mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uliripotiwa kwa mara ya kwanza Bomet, jirani kabisa, ukasambaa. Mwaka 2017 wakaja viwavijeshi.

Katikati ya hayo kulikuwa na 2008. Familia zilizofukuzwa Bonde la Ufa baada ya uchaguzi zilirudi Kisii na Nyamira, na wengi hawakukaa kambini. Waliingia jikoni kwa shangazi na kwa binamu, na kwa kuwa hawakuwa kambini, mgao wa kambini haukuwafikia. Familia tatu zilikula chungu cha familia moja. Hakuna aliyeliita jambo hilo msaada.

Kanisani, akina mama wa Dorkasi walikuwa na desturi yao. Waadventista waliweka misheni Nyanchwa mwanzoni mwa miaka ya 1910, na pamoja nao ukaja utaratibu ulioanza Battle Creek, Marekani, mwaka 1874: wanawake kukusanya nguo na chakula kwa ajili ya wajane na wagonjwa, wakifuata mfano wa Dorkasi wa kitabu cha Matendo. Benki ya chakula kama dunia inavyoijua leo ilikuja baadaye sana, Phoenix, Arizona, mwaka 1967, John van Hengel alipoanza kukusanya vyakula ambavyo maduka yangevitupa. Tangu 2017 shirika la Food Banking Kenya linaifanya kazi hiyo hapa nchini.

Lakini benki ya namna hiyo huishi kwa masalio ya wenye vingi. Nyacheki haina maduka makubwa yanayotupa mkate. Ghala la jamii hapa likisubiri kuchangiwa Mei, litachangiwa na watu ambao magunia yao yamekwisha wiki ileile. Michango ni ya Agosti, mahindi yanapoanikwa uani, na yanafaa kuwekwa katika magunia yasiyopitisha hewa, yasiguswe hadi mwaka ugeuke.

Kama ningepewa nafasi ya kusema mbele ya wazee na akina mama wanaopanga ghala kama hilo, ningeomba kipande cha ardhi ya kanisa au ya shule, hata robo ekari, kipandwe wimbi. Watu wakipalilie kwa zamu, kama egesangio. Mavuno yakaushwe vizuri, yafungiwe, na ufunguo ukae kwa mama anayejua ni jiko lipi halijawaka tangu jana. Na kipande hicho kiitwe emonga.