Sataranji, Pembe za Ndovu na Adabu ya Kufikiri

Katika duka la marehemu baba yangu, nyuma ya mizani, palikuwa na ubao wa sataranji. Kanuni yake ilikuwa moja: ukigusa kete, sharti uicheze. Kila nilipofanya haraka aliniuliza, “Naye atafanya nini?” Swali hilo ndilo urithi mkubwa alioniachia.

Wahenga wetu wa Bara Hindi waliujua kwanza mchezo wa dadu. Katika Mahabharata, Yudhishthira alipoteza kwa dadu ufalme wake, ndugu zake, nafsi yake, na mwisho Draupadi, mke wao. Baadaye, yapata karne ya 6, ulijitokeza mchezo wa chaturanga, maana yake viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi wakauita chatrang, Waarabu shatranj, na Waswahili sataranji.

Mwambao wetu nao umo katika historia hii. Al-Masudi wa Baghdad, aliyefika Khambhat ya Gujarat na pwani ya Zanj mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za ndovu za pwani hii zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Wahindi, asema, walizitumia zaidi kuchonga kete za sataranji na za michezo ya dadu. Basi huenda mfalme aliyesimama juu ya ubao wa Khambhat alitoka katika nyika za Afrika Mashariki.

Mchezo huu humfunza nini mtu? Kwanza, subira: jicho litangulie mkono. Pili, kukaa katika kiti cha mwenzako na kuutazama ubao kwa macho yake. Tatu, kukiri kosa, kwa kuwa hakuna dadu ya kusingiziwa.

Hata hivyo tusiukuze kupita kiasi. Mwaka 1973 wataalamu Chase na Simon walionyesha kwamba bingwa hukumbuka upesi kete zilivyokaa katika mchezo wa kweli. Lakini zikitawanywa ovyo, hamzidi sana anayeanza kujifunza. Sataranji, basi, haimpi mtu ubongo mpya. Humpa mazoea, na mazoea hayo hayatoki ubaoni yenyewe. Sharti mwenyewe ayachukue aendako.

Nasema haya kwa uchungu. Baada ya baba kufariki, niliagiza shehena kubwa ya vitambaa kwa tamaa ya faida, bila kujiuliza wafanyabiashara wenzangu wanaagiza nini. Kumbe sote tuliagiza kitu kile kile. Bei ikaanguka, nami nikauza vito vya mke wangu ili kulipa deni. Miaka mingi nilikuwa nimecheza sataranji. Siku ile nilicheza dadu.

Katika maadhimisho haya ya mandir yetu, nawaomba wazee wenzangu tuweke mbao mbili tatu ukumbini, kwa ajili ya wajukuu wetu na watoto wa majirani. Tuwafundishe mwendo wa kila kete. Kisha, mkono wa mtoto unapokimbilia kete, tumuulize kwa upole: “Naye atafanya nini?”